Chungu cha Kesho ya Sikukuu

Vijana wangu wa gatini, ninawaandikia nikiwa na hasira. Ilinianza jana asubuhi, kesho ya Idd, siku ambayo hata mbwa wa mtaa wetu wa Buyenzi wanapumzika kubweka. Nimejaribu kuipoza kwa chai ya tangawizi vikombe saba, haikupoa. Mke wangu Zaina akaniambia bora niimwage kwenye karatasi kabla sijachoma nyumba. Basi nimekaa hapa uani, daftari mapajani, ufagio umeegemea ukuta karibu yangu. Habari ya ufagio mtaielewa mwisho.

Mishahara na vyeo sitaviandika. Mishahara mnaijua, na vyeo havikunijua. Nitaandika habari ya chungu, kwa sababu kuna watu wanaokaa kwenye viti vinavyozunguka wanaofikiri kwamba chungu ni ulafi.

Niliingia bandarini nikiwa kijana mwembamba, mwembamba kiasi kwamba upepo wa ziwa ukinipita ulikuwa unaniomba radhi. Kampuni yetu ya kupakua mizigo ilikuwa ndogo, na tangu hapo imekufa na kuzaliwa upya kwa majina mengine, kwa hiyo jina lake naliacha lilale. Tulikuwa na grue moja, kreni ya kunyanyulia mizigo. Siku ilipozaliwa ilikuwa ya njano; mimi niliikuta na rangi ya kikohozi. Ilikuwa na mikono mitatu ya chuma mle ndani ya kibanda chake, na ule wa katikati usipoubembeleza kama mkwe uliweza kuitupa simenti ya Kigoma hadi Uvira.

Aliyenifundisha ni kapita wetu, msimamizi wa zamu, Mzee Melkiori, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni ambayo sikuwahi kumsikia akiipuliza. Alitazama tu, na mtu akajirekebisha.

"We mutoto wa Buyenzi," aliniuliza siku ile ya kwanza, "unajua kunyanyua?"

"Ndiyo, muzee."

"Na kutelemusha?"

Nikacheka. Nikamwambia anayejua kunyanyua anajua na kuteremsha.

"Apana. Kunyanyua kila mupumbavu anaweza. Kesho njo na beseni ya mama yako."

Nikaja na beseni. Akalijaza maji, akaliweka juu ya paleti, akanipandisha kibandani, nikaanza kulinyanyua na kuliteremsha. Maji yakimwagika, narudia. Beseni lile nililinyanyua mara nyingi kuliko mama yangu alivyoninyanyua mimi. Miezi minne maji yalimwagika, ukuta wa hangar, ghala letu, ukaota majani. Siku yalipotulia Melkiori hakunipongeza. Alinywa yale maji.

Sasa sikilizeni desturi. Sisi Waislamu tulifanya kazi Noël, yaani Krismasi, na Pasaka ili wenzetu wasali na kula na watoto wao. Wao walifanya kazi Idd zote mbili ili sisi tusali na kula na wetu. Hakuna shefu wa ofisini aliyeipanga, ilikuwepo kabla ya mashefu. Kesho ya sikukuu wote tulirudi, na yule aliyesherehekea alikuja na chungu, ili waliomshikia zamu waonje alichokula. Kabla chungu hakijaisha, mzigo haunyanyuliwi. Meli iwe imetoka Kigoma au Kalemie, nahodha apige honi mpaka apasuke mapafu, itangoja.

Kesho ya Idd yangu ya kwanza kazini nilibeba pilau ya mama yangu. Harufu yake ilitangulia gatini, nadhani hadi kwa matajiri wa Kibenga watu walisimama kando ya maji wakauliza. Mzee Melkiori akafunua kifuniko, akatazama, akakunja uso.

"Mchuzi iko wapi?"

"Muzee, hii ni pilau. Haihitaji mchuzi."

"Pilau peke yake haisemi kitu."

Vijana, nilikasirika! Pilau ya mama yangu haisemi? Pilau iliyokuwa ikihutubia! Nikakaa pembeni nimenuna siku nzima. Lakini Idd iliyofuata nilibeba na mchuzi, mwingi, wa mbuzi, ukielea mafuta. Melkiori akachukua chungu mwenyewe akakiweka kwenye kisiki cha chuma tunachofungia meli, kule mwisho wa gati. Sisi tulikaa ng'ambo ya reli za grue, chini ya kivuli cha hangar. Kila mtu alienda kujaziwa sahani hadi ukingoni, kisha akarudi nayo hatua kama ishirini, avuke reli mbili, akae, ale. Nilijiuliza kwa nini yule mzee hasogezi chungu kivulini kama binadamu wengine. Nikadhani ni uzee.

Ilinichukua miaka miwili kuona nilichokuwa ninakitazama. Kesho ya Noël moja, mwenzetu mmoja alivuka reli ya pili mchuzi ukamiminika hadi kwenye kiatu. Hakuna aliyecheka. Melkiori, huku anatafuna, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"We leo unafagia hangar."

Yule bwana akakubali, "Ego, muzee," akamaliza kula, akachukua ufagio. Hakuandikwa popote, hakuulizwa alikunywa nini wala alilala saa ngapi. Siku ya pili alirudi kwenye minyororo kama kawaida. Ndipo nikakumbuka beseni la maji. Nikamtazama Melkiori, naye akanitazama, akaweka kidole mdomoni.

Ndiyo hiyo siri. Mtu ukimwambia kwamba unamwangalia mkono, ataukaza mkono kama mlingoti, na hutajua kitu. Ukimpa mchuzi wa moto akiwa na njaa na furaha ya sikukuu, mkono unasema wenyewe. Tuliitunza siri hiyo vizuri mno, na hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu wenye ofisi hawakuwahi kuijua, na mtu asiyejua kazi ya kitu hukitupa.

Katikati ya miaka hiyo nilisoma shule ya jioni. Nilitoka kwenye grue na grisi mikononi, nikaenda kukaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusa masikio. Miaka sita. Kifaransa kilinipiga, nikaanguka, nikasimama, mwishowe tukasuluhishana. Nilipopata diploma Zaina aliitundika sebuleni, juu kidogo ya saa, na mpaka leo mgeni akiuliza saa ngapi anaonyeshwa diploma kwanza. Bandarini sikumwambia mtu. Pale gatini dereva wa grue anayesoma Kifaransa alionekana kama mbuzi anayepiga kinanda.

Kisha akaja shefu mmoja tuliyemwita Tai, kwa sababu ya tai yake iliyokuwa pana kama mkeka wa kuswalia. Alifika gatini kesho ya Noël, akatukuta hatujakaa bado, chungu cha Melkiori cha ndizi na nyama kikifuka moshi kwenye kisiki. Meli ya simenti ilikuwa imefungwa tangu alfajiri.

"Hii ni bandari au ni resto?" akauliza.

Melkiori akavua kofia. "Shefu, robo saa tu."

"Hata dakika moja. Ondoa hiyo kitu."

Melkiori angeweza kumweleza. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Lakini angeielezaje mbele ya vijana wote, siri ikafa hapo hapo? Akafunika chungu. Nikapanda kibandani na tumbo tupu.

Chini kulikuwa na Jado, mfunga minyororo wetu, kijana wa mizaha, wa kwanza kucheza na wa mwisho kuondoka harusini. Kwa kweli alikuwa amekunywa, Noël yake ilikuwa bado ndani yake. Paleti ya simenti hufungwa kwa ndoano nne. Jado alifunga tatu, akainua mkono: pandisha. Nami nikapandisha.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo ni langu. Kutoka kibandani ndoano zote nne zinaonekana, ukitaka kuziona. Mimi niliona tatu, ya nne nikaijaza kwa mazoea. Paleti ilipofika kimo cha mtu ikalala upande, mifuko ikateleza. Jado aliruka. Mguu mmoja uliruka naye, mwingine ulichelewa.

Sauti yake siiandiki.

Siku ya tatu Tai aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi ya Kifaransa imepigwa mashine vizuri, na kalamu imeshafunguliwa. Akaniambia kwa Kiswahili cha polepole, kile wanachotumia kwa watoto na wagonjwa:

"Muzee, hapa inasema tu kwamba mutu aliumia kazini. Tia sahihi, uende."

Nikaichukua. Nikaisoma. Iliandikwa kwamba Jado alikuwa amelewa, kwamba alionywa asubuhi ile na akakaidi, kwamba dereva wa grue ni shahidi wa hayo yote, na kwa hiyo anafukuzwa. Alionywa na nani? Cha kumwona kilikuwa chungu, nacho kilikuwa kimefunikwa kwenye kisiki! Jado alikuwa bado hospitali, mkewe mjamzito amelala sakafuni kando ya kitanda, na hapa kuna mtu ananikabidhi kalamu nimtupe nje kwa mkono wangu.

Nikaanza kuisoma kwa sauti. Kwa Kifaransa, pole pole, na vile vituo vyote mwalimu wetu wa jioni alivyotupigia. Tai alibadilika rangi mara tatu, rangi ya mwisho bado haijapewa jina.

"Kumbe unasoma?" akasema.

"Naandika pia, shefu."

Nikageuza karatasi, nikaandika upande wa pili, mistari mitano. Kwamba chungu kilikatazwa. Kwamba mfunga minyororo alifunga ndoano tatu. Kwamba dereva wa grue alipaswa kuona ya nne na hakuiona. Nikatia sahihi hapo. Kisha nikatoka, nikasimama gatini nikawasomea wenzangu pande zote mbili, kwa Kiswahili.

Jado hakufukuzwa. Huwezi kumfukuza mfunga minyororo peke yake wakati dereva amejiandika. Alipoteza vidole viwili vya mguu na mwendo wake wa kucheza, akawekwa mlinzi wa mlango. Mimi niliteremshwa kwenye grue, nikapewa ufagio wa hangar miezi minane. Nawaambia, nilifagia hangar ile mpaka panya wakahama kwa aibu. Melkiori alipita kila asubuhi. Siku moja tu alisimama, akatazama sakafu, akasema, "Sasa unajua kutelemusha."

Tai alihamishwa, kama wanavyohamishwa. Shefu aliyefuata hakuuliza kitu, chungu kikarudi kwenye kisiki chake. Melkiori alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu, nami nikarithi kukaa pale kivulini nikitafuna na kutazama mikono ya watu. Kila kesho ya Idd, Zaina aliamka kupasha mchuzi niondoke nao. Watoto wetu wanne wamekua wakiamini kwamba kesho ya Idd ni siku baba anapotoweka na nyama.

Wa mwisho niliyemfundisha ni Goreth. Wengi wenu mnamfahamu, ndiye yuko kibandani sasa. Alipokuja, vijana walisema mwanamke juu ya grue ataleta mkosi. Nilimpa beseni. Wengine walimwaga miezi minne, yeye alimwaga wiki tano, na wale waliosema mkosi wakaanza kumwita "Mama Beseni" kwa heshima. Nilimfundisha kila kitu, isipokuwa siri ya chungu. Nilisema nitamwambia mwaka ujao. Mwaka ujao ukafika na barua yangu ya kustaafu.

Sasa jana. Ilikuwa kesho ya Idd yangu ya kwanza nikiwa nyumbani katika maisha yangu ya utu uzima, na ilikuwa tamu, siwadanganyi. Nililala mpaka jua likanigusa mguu. Zaina alinikwangulia ukoko wa pilau kutoka chini ya sufuria, ule mweusi kidogo pembeni, nikaula kwa mkono nimekaa kwenye mkeka. Mjukuu wangu Shamsa, ana miaka mitano, alikuwa ananisuka nywele ambazo sina. Redio kwa jirani ilikuwa inazungumza chini chini. Tuliahidiana mchana tutashuka ziwani, tutie miguu majini kama mabwana wa Kibenga. Nikajiambia: kumbe hiki ndicho nilichokuwa nikikikosa miaka yote? Nikaanza kuwakasirikia mashefu wote kwa mpigo, walio hai na waliotangulia.

Ndipo simu ikalia. Goreth, anayeniita Tonton, mjomba.

"Tonton, Idd njema. Samahani kukusumbua. Hii mwaka chungu iko apana."

"Iko apana namna gani?"

"Wamebandika karatasi. Chakula ya nje imekatazwa kuingia gatini. Hygiène, wanasema, usafi."

Hygiène! Gatini ambapo vumbi la simenti tunalikoroga kwenye chai kama maziwa! Nikasimama, Shamsa akabaki na kitana hewani. Nikasema maneno ambayo Idd haijayasikia. Nikatafuta viatu.

"Unaenda wapi?" Zaina akauliza.

"Bandarini."

"Bandarini." Akakaa kwenye kigoda, akafunga mikono. "Baba Idi, miaka yote hiyo kesho ya Idd mi niliipa bandari. Bandari ilinirudishia nini? Chungu chenye masizi chini. Leo uliniahidi ziwa."

Nilisimama na kiatu kimoja. Alikuwa na haki, na mtu mwenye haki hana haja ya kupaza sauti. Nikamwambia basi, tukae. Nikakaa. Nikajaribu kula ukoko, ukawa mbao. Kwa mara ya kwanza nikamweleza: kisiki, hatua ishirini, mchuzi hadi ukingoni, Jado. Nikamwambia kwamba Goreth nimemwachia watu chini ya mzigo, na macho ya kuwapima sikumpa.

Zaina akasogeza kigoda chake karibu.

"Kwa hiyo ule mchuzi niliokuwa naupika," akasema, "ulikuwa unapima watu."

"Ndiyo."

"Na hukuniambia. Ningetia mafuta zaidi, uteleze." Akainuka, akawasha jiko. "Ziwa si lile lile? Bandari iko njiani."

Tukaenda kwa miguu, maana petroli siku hizi ni kitu cha kusimuliwa. Mimi na chungu, Zaina na mfuko wa sahani, Shamsa na kijiko kimoja. Mlangoni tukamkuta mlinzi. Jado, mwenye mvi sasa, na ule mwendo wake wa upande.

"Muzee, apana," akasema. "Amri ni amri. Chungu haingii."

"Jado! Wewe? Wewe unaniambia mimi?"

"Nakwambia haingii." Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha sauti. "Lakini hapa inje ni barabara. Barabara si ya shefu."

Akafungua mlango mdogo, akamwita Goreth. Wakatoka wote saa ya mapumziko, watu tisa na kofia zao za plastiki, wakishangilia mchuzi kama timu iliyoshinda kombe. Nikataka kuweka chungu kivulini, chini ya ukuta. Goreth akaja, akakinyanyua, akakipeleka jua kali kule, ng'ambo ya mtaro, penye ubao mmoja wa kuvukia. Akawaambia wenzake wakae ukutani. Kisha akachukua upawa mwenyewe na kuanza kujaza. Hadi ukingoni.

Nani alimwambia? Nilimwuliza kwa macho. Akaweka kidole mdomoni.

Kijana mmoja akavuka ubao vizuri. Wa pili vizuri. Jado akavuka na mguu wake mbovu, tone halikudondoka. Wa nne mchuzi ukamruka kwenye suruali.

"We leo uko hangar," Goreth akasema huku anatafuna, na kijana akajibu ego.

Mwisho akanijazia mimi. Nikatembea kwa maringo, mbele ya mke wangu na mjukuu wangu, mimi niliyeteremsha beseni bila wimbi. Katikati ya ubao niliona sahani inatikisika. Nikaikaza. Ikazidi. Mchuzi ukanishuka kwenye kidole gumba, ukafika kwenye kanzu yangu ya Idd, polepole, kila mtu akishuhudia.

Hakuna aliyecheka. Nikamngojea Goreth aangalie pembeni, kwa heshima ya uzee. Hakuangalia pembeni.

"Tonton," akasema, "leo unafagia."

"Ego," nikamjibu.

Wakarudi kazini. Sisi tukashuka ziwani, Zaina akavua viatu, Shamsa akaogopa maji kisha akakataa kutoka. Tulikaa mpaka jua likaenda upande wa Congo, na kutoka pale nilikuwa nasikia grue ikilia, ule mkono wa katikati ukibembelezwa. Nilipofika nyumbani Zaina alinikabidhi ufagio, akaenda kulala.

Basi huko ofisini ondoeni ile karatasi ukutani. Msipoiondoa, barabara ipo, na mchuzi upo, na Zaina anajua sasa kiasi cha mafuta. Mimi naweka kalamu chini. Nusu ya ua bado sijaifagia.